Wauza viatu vya kukwea miamba Nairobi, acheni kutudanganya kwamba lazima viume!

Wadau, hamjambo. Naandika nikiwa na ukucha mmoja mweusi na mwingine uliokwisha kung'oka, na hasira niliyoibeba wiki tatu. Nisomeni, hasa nyinyi mnaouza vifaa vya kukwea hapa mjini, na nyinyi mnaopenda kuwajibu wageni humu jukwaani.

Nilianza kukwea mwezi wa pili, kwenye ukuta wa ndani. Kila Jumamosi nikitoka kazini nilikuwa nakodi viatu, napanda, narudisha. Vile vya kukodi vimelegea na soli zimelika, lakini napanda navyo saa mbili nzima bila kukumbuka kwamba nina vidole. Mchezo ukaniingia. Nikaweka akiba kidogo kidogo, na zamu yangu ya chama ilipofika nikaamua kununua vyangu. Nikauliza hapa hapa: mimi ni mgeni, mguu wangu ni saizi 39, nina shilingi 12,000, ninunue viatu gani? Nilipata majibu saba. Matano yalisema kitu kimoja: chukua saizi mbili chini, kisipouma si kiatu cha kukwea.

Nikaingia dukani na maneno hayo kichwani. Duka silitaji. Kwenye rafu ya chini kulikuwa na viatu vya ngozi, soli bapa, vya kufunga kwa kamba, shilingi 11,500. Nikavaa 39. Vidole viligusa mbele bila kujikunja, kisigino kikashika, hakuna mahali palipobaki wazi. Nikamwambia muuzaji hivi vinanifaa. Akatikisa kichwa. "Dada, kiatu cha kukwea kikikukaa hivyo ujue ni kikubwa. Utakitupa baada ya mwezi." Akashusha vingine kutoka rafu ya juu, vimepinda mbele kama mdomo wa kasuku, saizi 37, shilingi 19,800. Kuviingiza tu ilibidi nivute kwa mikono miwili. Nikamwambia nasikia ganzi. Akasema vitaachia, nivumilie wiki mbili. Halafu akanitajia Olimpiki, kwamba wale wa Olimpiki huvaa vya aina hiyo.

Nikalipa. Zote nilizokuwa nazo, na zilizopungua nikafuliza, yaani nikakopa kwa simu.

Wiki mbili zikapita, vikawa vile vile. Ya tatu tulienda Lukenya, kwenye miamba ya kukwea nje ya Nairobi, na wenzangu. Mnaopajua mnajua kuna sehemu jabali limelala kidogo, unatakiwa ulaze soli yote kwenye jiwe, uuamini uzito wako na raba ishike. Mimi sikuweza. Kiatu kilichopinda hakilali, kinagusa jiwe kwa ncha peke yake, na kwenye hiyo ncha ndiko vidole vyangu vilikuwa vimekunjwa kama ngumi. Kila nikisimama nilisikia moto unapanda hadi kwenye goti. Nikashushwa kabla ya nusu ya njia. Nilipovua, gumba la kulia lilikuwa limevilia damu chini ya ukucha, jeusi tii, na soksi sikuweza kuivaa. Jumatatu muuguzi akalitoboa kwa sindano ili damu itoke. Kesho yake nikaenda kazini na ndala.

Sasa sikilizeni aliyenieleza ukweli. Nilivipeleka soko la Kariokor kwa fundi mmoja mzee, mtu wa kushona viatu vya ngozi na akala, nikamwomba avitanue. Akavishika, akavikunja, akapitisha kidole gumba ndani taratibu, kisha akanusa. "Binti yangu, hii si ngozi. Ngozi inasikia. Hii haitasikia, na ndani wameweka kitambaa cha kuizuia." Akanirudishia, hakuchukua hata shilingi. Nikamuuliza kama siku moja soli ikiisha ataweza kunibadilishia. Akabonyeza raba kwa ukucha, akasema hana laini ya namna hiyo, na akiniwekea ya tairi nitateleza nianguke. Mzee ambaye hajawahi kupanda ukuta aliona kwa dakika mbili kile ambacho muuzaji wa viatu vya kukwea alinificha.

Na hapo ndipo hasira yangu ilipo. Kiatu kilichopinda kina kazi yake. Kimetengenezwa kwa ukuta unaokuinamia, ili kidole kishike kijishikio kidogo na kikuvute kuelekea ukutani. Wanaovivaa wana miguu iliyozoea kwa miaka, na huvivua kila wakishuka. Tazameni mashindano yoyote, tangu mchezo huu ulipoingia Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021: mtu akigusa chini, mkono uko kisiginoni. Muuzaji hilo hakuniambia. Anayeanza anakwea ukuta uliosimama wima au uliolala, na bado anajifunza kuweka mguu. Anahitaji kiatu bapa. Hata anayepanda kilele cha Nelion kule Mlima Kenya, mita 5,188, akishinda mwambani siku nzima, huchagua kiatu ambacho vidole vimenyooka, kwa sababu hakuna anayefika huko akiwa amekunjwa vidole tangu alfajiri.

Na tusidanganyane kuhusu bei. Kwa karibu kila mtengenezaji, viatu bapa vya kuanzia ndivyo vya bei ya chini. Nilikuwa nimeshika viatu sahihi mkononi, kwa pesa niliyokuwa nayo, na nikaondolewa kwa makusudi kwenda vya karibu mara mbili. Niliporudi dukani nilionyeshwa risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Basi nao wasome Kifungu cha 46 cha Katiba yetu ya 2010. Mnunuzi ana haki ya kupata taarifa anazohitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa. Kumwambia mtu kitambaa cha plastiki kitaachia kama ngozi si taarifa, ni uongo.

Kwa mgeni mwingine atakayepita hapa akiuliza nilichouliza: nenda dukani jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo baada ya kutwa. Vaa bila soksi. Vidole viguse mbele, vikubali kujikunja kidogo sana, visipandane. Kisigino kisicheze. Simama kwa ncha kwenye ukingo wa ngazi, ukae hapo dakika moja; ukisikia maumivu makali, vua. Ngozi isiyo na kitambaa ndani hutanuka, wakati mwingine karibu saizi nzima, kwa hiyo hiyo inaweza kubana kidogo siku ya kwanza. Ngozi bandia ya kiwandani karibu haitanuki kabisa. Inavyokubana dukani ndivyo itakavyokubana mwaka ujao. Soli nene, ya milimita nne hivi, inamfaa anayeanza kwa sababu bado tunaburuza miguu ukutani na nyembamba huisha upesi.

Mtumba pia msiuogope. Kwenye masoko ya Gikomba na Toi vinapatikana mara moja moja, ukiwahi kamera asubuhi, yaani ile mali bora inayochaguliwa kwanza. Angalia raba kwenye gumba: ikiwa imetoboka hadi kitambaa kinaonekana, achana nacho. Ibonyeze kwa ukucha. Ikiwa ngumu kama sahani, imezeeka, haitashika. Harufu hutoka juani. Lakini kamba ya kupandia na mkanda wa kiunoni unaofungwa kwenye kamba hiyo usinunue vya mtumba hata ukipewa kwa mia mbili, maana huwezi kujua vimepitia nini na vyenyewe ndivyo vinavyobeba uhai wako. Kiatu kibaya kitakung'oa ukucha, kamba mbaya itakuua.

Jumamosi hii nimerudi kukodi. Nimepanda na viatu vilivyolegea na gumba lililofungwa bendeji, nikamaliza njia niliyoshindwa mwezi uliopita.

Dukani nimepeleka barua, ina picha ya ukucha, picha ya risiti na hicho Kifungu cha 46. Nataka wanibadilishie na vile vya rafu ya chini na wanirudishie shilingi 8,300 zangu. Wakinijibu nitaweka jibu hapa, liwe zuri au baya. Na nyinyi watano mlioniambia saizi mbili chini, majibu yenu bado yako pale na jana kuna kijana wa Kayole amewashukuru, anasema anaenda kununua mwisho wa mwezi. Yafuteni leo.