Kaliandra na ukakasi wake: protini ya ng'ombe wangu inakwenda wapi?

Mama Kihamba: Wadau, habari za jioni. Nafuga ng'ombe wawili wa maziwa, ndani, huku Marangu. Nilipoanza kuwachanganyia kaliandra, ule mti wa malisho, na majani ya tembo, ile harufu ya mkojo iliyokuwa ikituwasha macho alfajiri ilipungua, na maziwa yakaongezeka. Mwezi uliopita mashudu yalipanda bei, nikaongeza kaliandra hadi karibu nusu ya majani yote. Sasa kinyesi kigumu, maziwa yameshuka lita mbili. Protini si nimeongeza?

Mzee wa Banda: Mama, tafuna jani moja la kaliandra. Ule ukakasi unaokaza ulimi kama ndizi mbichi ndiyo tanini, imeshika protini ya mate yako. Tumboni mwa ng'ombe ni vivyo hivyo.

Protini isiyoshikwa huvunjwa upesi na bakteria wa tumbo la kwanza, ikawa amonia. Inayowazidi huingia kwenye damu, ini huigeuza urea, ikatoka na mkojo. Bandani urea hiyo hugeuka tena amonia, na hewa yake ndiyo iliyokuwa inawawasha macho. Tanini huishika protini kwenye pH (kipimo cha asidi) ya 6 hadi 7 ya tumbo hilo la kwanza, bakteria wakaikosa. Tumbo la nne lina asidi kali, pH chini ya 3.5: pale huachia, utumbo mwembamba ukanyonya.

Lakini kaliandra ina tanini nyingi na haiachii yote. Ukizidisha, protini inapita mpaka kwenye kinyesi, na bakteria nao wanakosa amonia ya kujijengea, kwa hiyo hata majani ya tembo hayameng'enywi vizuri. Naitrojeni, ile iliyomo kwenye protini, umeitoa kwenye mkojo ukaipeleka kwenye kinyesi. Nilimfanyia hivyo mtamba wangu, akadumaa nikimtazama, iliniuma sana. Siku hizi sivuki theluthi ya majani, na anayekamuliwa nampa kilo 6 mbichi kwa siku.

Kijana wa Rombo: Shikamoo mzee. Akiianika je?

Mzee wa Banda: Marahaba. Asianike. Kaliandra ikinyauka inazidi kuwa ngumu kumeng'enywa. Akate, alishe siku hiyohiyo.

Mama Kihamba: Asante sana, kesho napunguza. Na hicho kinyesi?

Mzee wa Banda: Weka kwenye migomba. Naitrojeni iliyoshikwa na tanini hairuki hewani upesi kama ya mkojo, inaoza polepole. Mchicha wa wiki tatu hautaisubiri, mgomba utaisubiri.