Haya madoa meusi kwenye jua ni nini, na kweli yanaweza kuunguza simu?

Mdadisi:
Wakuu heshima kwenu. Leo asubuhi nimeelekeza darubini juani, sijachungulia, nimeacha mwanga upite uangukie karatasi nyeupe, likatokea duara la jua saizi ya kifuniko cha chupa na pembeni vidoa viwili vyeusi kama mtu kagusisha ncha ya kalamu. Nikajua ni uchafu wa lenzi, nimefuta, nimezungusha darubini, vidoa viko palepale. Jamaa kaniambia hiyo ni dhoruba ya jua inakuja na simu zote zitaungua. Sasa doa jeusi linatokaje kwenye kitu kinachowaka vile?

Kijiti:
Umefanya la maana kutochungulia, jicho linaungua bila hata kusikia maumivu. Doa sio jeusi kihivyo mkuu, limepungua joto tu. Uso wa jua una kama nyuzi 5,500 za selisiasi, ndani ya doa ni kama 3,500 hadi 4,000, ungelitoa ukaliweka peke yake usiku lingeng'aa vizuri tu. Kisa ni sumaku. Jua ni gesi moto sio jiwe, kwenye ikweta linajizungusha kwa siku kama 25 na huko kwenye ncha ni zaidi ya 30, basi nguvu ya sumaku inavutika na kujisokota kama kamba, inapotokeza usoni inazuia joto linalochemka toka chini lisipande. Kamba ikizidi kusokotwa inakatika na kujiunga upya, hapo ndo mlipuko, na huo ndo unaweza kurusha dhoruba ya jua mpaka huku duniani. Madoa yenyewe huongezeka na kupungua kila miaka kama 11. Na usiyaone madogo, doa moja kubwa linaimeza dunia yetu nzima.

Laini_Ndefu:
Simu haiungui, iko fupi mno. Dhoruba ikitikisa sumaku ya dunia inazalisha umeme ardhini na kwenye nyaya zenye urefu wa mamia ya kilomita, umeme huo unaingia kwenye matransfoma kupitia waya wa ethi, ule unaozamishwa ardhini. Machi 13, 1989 gridi ya umeme ya Quebec kule Kanada ilianguka ndani ya dakika chache tu, watu milioni 6 gizani kama masaa 9. Cha kuogopa ni hicho, na setilaiti pia.

Bi_Nyota:
Mdadisi, ujue hiyo karatasi yako ndo njia aliyotumia mwanaastronomia Richard Carrington! Septemba 1, 1859 alikuwa Uingereza anachora madoa kwenye picha ya jua aliyoitupia kwenye kioo, ghafla mianga miwili mikali ikawaka juu ya kundi la madoa, akakimbia kuita shahidi, kurudi hata dakika haijaisha mwanga umeshafifia. Masaa kama 17 baadaye dhoruba ikafika, telegrafu, ile mitambo ya kutuma ujumbe kwa waya, zikavurugika, kuna waendeshaji Marekani walichomoa betri wakaendelea kutumiana ujumbe kwa umeme wa dhoruba peke yake. Hilo huwa linanisisimua kila nikilikumbuka.

Mdadisi:
Asanteni sana. Nimeshayachora na penseli, kesho saa ileile naweka tena karatasi.

Bi_Nyota:
Utayakuta yamesogea. Chora kila siku, ndani ya wiki mbili yatazama ukingoni.