Mwewe wakizunguka angani kundi zima, unawahesabuje bila kurudia?

BintiPangani
Habari zenu wadau. Niko Toronto mwaka wa sita sasa, nafanya kazi usiku ghalani. Asubuhi nikitoka, badala ya kwenda kulala napitia High Park, pale kilimani karibu na mgahawa. Kuanzia Septemba kuna watu wanakaa hapo kuhesabu mwewe wanaohamia kusini. Walinipokea vizuri, wakaniazima na darubini.

Juzi mvua ilikatika, upepo ukageuka wa kaskazini-magharibi. Nikaona kwenye wingu kama punje za pilipili manga zimemwagika kwenye unga. Wanazunguka tu, hakuna anayepiga bawa. Nikahesabu 58. Nikarudia, 71. Mara ya tatu 49! Mzee wa pembeni yangu akaandika 112 wala darubini hajaishusha. Siri ni nini? Halafu kwenye daftari niliandika "saa 5", wakadhani nilikuja alfajiri 😅

Shakivale_Naivasha
Pole na shingo, dada. Usiwahesabu wakiwa kwenye mzunguko, utapata kizunguzungu bure. Hapo wamepanda hewa ya moto, inawainua kama moshi. Wakishafika juu wanaacha kuzunguka, wanateleza upande mmoja, huyu nyuma ya huyu, kama abiria wanaoshuka matatu. Hesabu pale mlangoni. Shika alama moja, ncha ya mti au ukingo wa wingu, na kila anayeipita umemaliza naye. Huku Bonde la Ufa shakivale, ndege jamii ya hao mwewe wenu, wa kutoka Urusi wakipita Oktoba na Novemba, nafanya hivyo hivyo.

BintiPangani
Asante kaka. Lakini kwa nini wanapita juu ya jiji lote hili, magari na maghorofa?

BabuWaEtobicoke
Mjukuu wangu, angalia kusini yako: Ziwa Ontario. Juu ya maji yale hewa ya moto haipandi, na hao uliowaona, aina ya mwewe waitwao wenye mabawa mapana, wana karibu gramu 400 tu. Wapige bawa mpaka ng'ambo? Hawawezi. Wakilikuta ziwa wanakata kulia, wanafuata ufuko, na bustani yenu iko njiani. Wanakwenda hadi Amerika ya Kusini. Upepo wa kaskazini-magharibi ndio unaowasukumia kwenu. Ukivuma wa kusini, kalale.

Ukimwona mmoja anapiga duara na kurudi palepale, mwache. Huyo ni mwenye mkia mwekundu, mwenyeji wa bustani. Mimi nilishamhesabu mara nne siku moja, nikajiona bingwa.

Na hiyo saa 5 yako ina makosa mawili. Kwao ni 11, halafu wahesabuji wanaandika saa ya kawaida, hawafuati ile iliyosogezwa mbele kiangazi. Daftarini inakuwa 10.

BintiPangani
Shikamoo babu! Kumbe nilikuwa nimekosea pande zote.

Leo nimerudi, nikashika ncha ya mwaloni kama alivyosema kaka wa Naivasha. Nimepata 36. Yule mzee 37. Akaniuliza huyo mmoja nilimwacha wapi. Nikamwambia ukweli, nilikuwa napiga mwayo.