Naombeni ushauri: binti yangu kachaguliwa darasa la vipaji ndani ya shule ile ile ya mtaani, majirani wamenuna

Mama Zuu (mleta mada)

Wakuu, salaam. Najua humu tupo wazazi wengi tunaolea Marekani. Naomba mnisaidie kabla ya Alhamisi.

Binti yangu yuko darasa la pili, shule ya msingi ya serikali hapa mtaani. Asubuhi nawavusha barabara, dakika tano tumefika. Ndani ya jengo hilo hilo wilaya imeweka programu ya watoto wenye vipaji. Ghorofa ya chini ni watoto wa mtaa. Ya juu ni ya programu, na wengi wao wanaletwa na mabasi kutoka mitaa mingine. Mlango mmoja, bwalo moja, mkuu wa shule mmoja, ila walimu tofauti, vitabu tofauti, hata mapumziko wanapishana. Watoto wa chini wanawaita wa juu "wenye akili". Sasa mtoto wa miaka 7 anayesema hivyo, yeye anajiita nani?

Machi ilikuja barua: binti kafaulu, darasa la tatu nafasi yake iko juu. Nilifurahi mpaka nikalia. Haukupita mwezi, wazazi wa chini wakaandika petisheni programu ihamishwe. Wanasema inakula vyumba, na michango ya kamati ya wazazi inapanda ngazi lakini haiteremki. Wa juu nao wana petisheni ya kuizuia ile. Nimeletewa zote mbili. Tena wa juu wameniomba nizungumze kwenye kikao, kwa kuwa mimi ni mama mweusi, mhamiaji, na mtoto wangu kaingia. Niwe ushahidi kwamba mlango uko wazi kwa kila mtu. Majirani wa chini, ambao tumepeana zamu za barabarani miaka miwili, wameacha kunisalimia.

Nisaini ipi? Nizungumze au nikae kimya? Siku tatu sijalala vizuri.

Nyundo

Hongera. Saini ya juu, zungumza, songa mbele. Hao majirani hawatamsomesha mwanao chuo.

Bint Makame

Dada hongera, na pole. Mimi nimepitia New York. Wakati wetu mtoto alipimwa akiwa na miaka 4. Miaka minne! Rafiki yangu alilipia mtoto masomo ya ziada ya jaribio hilo na mtoto bado analala na kidoli. Wangu akaingia kwenye darasa la vipaji ndani ya shule ya kawaida, kama hapo kwako. Oktoba 2021 meya de Blasio akatangaza programu inaondolewa. Aprili 2022 meya mpya, Adams, akasema hapana, inaongezwa, na mtihani wa miaka 4 haukurudishwa, walimu wakawa ndio wanaopendekeza. Sisi wazazi tulikuwa kama abiria tusiojua basi linaenda wapi.

Ila kilichoniumiza siyo mameya. Siku ya kuzaliwa ya mwanangu alialika darasa lake zima. Mtoto wa mlango wa pili, waliyekua pamoja, hakumo, maana yuko darasa la upande mwingine. Mama yake aliniletea zawadi mlangoni, akaondoka. Mpaka leo sijui nilimjibu nini.

Dereva wa Usiku

Sisi tulikuwa na mkondo A na mkondo B. Mimi B tangu la kwanza hadi la saba. Leo kuna wawili wa A nimewaajiri, na nawapa likizo vizuri tu. Acheni watoto wakue.

Kiongozi wa Bweni

Mimi nimesoma Ilboru. Kule kwetu Tanzania shule za vipaji maalumu, Ilboru, Kibaha, Mzumbe na nyinginezo, ni sekondari. Unachaguliwa, unafunga sanduku, unapanda basi, unakaa bweni. Aliyebaki kijijini hakuoni kila siku ukipita mlangoni kwake na vitabu tofauti. Ninyi huko mmewagawa watoto wadogo halafu mkawapitisha korido moja. Mtoto anayepita kila siku chini ya ngazi asizoruhusiwa kupanda amefundishwa jambo, hata kama hakuna mwalimu aliyelitamka. Mimi ningesaini ya chini.

Mwalimu Mstaafu

Nimefundisha huku miaka mingi, nitakwenda taratibu.

Serikali kuu ya Marekani haina sheria inayolazimisha programu hizi. Kila jimbo na wilaya wana utaratibu wao. Kwa hiyo swali la kwanza siyo petisheni, ni namna watoto wanavyopatikana. Pia tusiyaamini sana majaribio. Terman, yule mwanasaikolojia wa Stanford, alianza mwaka 1921 kuwakusanya watoto wenye akili nyingi wa California. Wawili waliopimwa wakakosa alama, Shockley na Alvarez, baadaye walipata Nobel ya fizikia. Hakuna hata mmoja wa wale aliowachagua aliyeipata.

Mama Zuu, shuleni kwenu wanapimwa watoto wote, au mzazi anajaza fomu?

Mama Zuu

Fomu, Mwalimu. Inakuja Oktoba ndani ya mkoba wa mtoto. Mzazi anajaza, anasaini, anarudisha.

Shangazi Tatu

Mwanangu, nina swali dogo. Umeandika "nawavusha". Kama mtoto ni mmoja ungeandika "namvusha". Unawavusha akina nani?

Mama Zuu

Shangazi, ni kawaida tu, asubuhi watoto wa jirani wanaungana nasi. Turudi kwenye petisheni tafadhali.

Shangazi Tatu

Majirani si hawakusalimii?

Nyundo

Shangazi kaamka na kalamu nyekundu.

Mama Zuu

Sawa. Nilitaka kuliacha hili kwa sababu siyo nililouliza.

Naishi na dada yangu mkubwa na mwanawe. Walikuja miaka miwili iliyopita. Kijana ni rika moja na binti yangu, wako darasa moja, wanakaa meza moja. Dada anafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee na Kiingereza hakijakaa, kwa hiyo karatasi zote za shule zinapitia kwangu. Oktoba zilikuja fomu mbili. Moja nikaijaza. Ya pili sikuirudisha.

Kabla hamjanirukia: mwaka jana mtoto alirudi na karatasi ina sifuri, siyo kwa sababu hajui hesabu, hakuelewa maelekezo. Alijifungia chooni saa nzima. Sikutaka apitie hilo tena. Wangempima kwa Kiingereza, angeanguka, angejiona mjinga. Nilimlinda. Nimelifikiria mara mia na bado naona nilikuwa sahihi kwa wakati ule.

Huyo mpwa wangu ana muda, atapimwa mbele ya safari. Swali langu ni kikao cha Alhamisi.

Shangazi Tatu

Nani kakwambia ni mpwa? Mpwa ni wa mjomba wake. Wewe ni mdogo wa mama yake, anakuita mama mdogo, na huyo ni mwanao. Kwetu hakuna neno jingine la mtoto wa dada yako. Ulikuwa na fomu mbili za wanao.

Bint Makame

Shangazi, mpole kidogo. Tusiokuwepo jikoni kwake tusihukumu.

Kiongozi wa Bweni

Na hawa wa juu wanataka asimame mbele ya watu aseme mlango uko wazi kwa wote.

Mwalimu Mstaafu

Ndiyo maana niliuliza habari ya fomu. Wilaya ya Broward, Florida, ilikuwa inategemea mwalimu au mzazi ampendekeze mtoto. Mwaka 2005 wakaanza kuwapima watoto wote wa darasa la pili kwa jaribio fupi la michoro, lisilo na maneno. Wachumi wawili, David Card na Laura Giuliano, wakafuatilia takwimu na kuchapisha matokeo 2016: watoto weusi waliowekwa kwenye programu waliongezeka kwa asilimia 80, Walatino kwa asilimia 130. Hawakuhamia pale mwaka huo. Walikuwa mle mle darasani, hakuna aliyewataja. Bajeti ilipobanwa upimaji wa wote ukasimamishwa, na idadi ikarudi ilikokuwa.

Kiwango cha kawaida Florida ni alama 130 za jaribio la akili (IQ). Kwa mtoto anayejifunza Kiingereza au anayepata chakula cha shule kwa ruzuku, Broward ilikubali 116. Mama Zuu, unaposema "wangempima kwa Kiingereza, angeanguka", yapo majaribio yaliyotengenezwa kwa ajili ya mtoto kama huyo. Ulikuwa na haki ya kuliomba.

Hata ugomvi wenu wa ngazi una njia. Broward hiyo hiyo, miaka ya utafiti huo, shule ikiwa na mtoto hata mmoja wa kipaji kwenye mwaka fulani wa masomo, darasa la vipaji lilifunguliwa, na viti vilivyobaki walipewa wenye alama za juu wa shule ile ile. Watafiti hao waliona watoto weusi na Walatino waliopata viti hivyo walipanda sana, na waliobaki madarasa mengine hawakushuka. Hilo ningelisema Alhamisi kuliko kusaini karatasi yoyote.

Nyundo

Ngojeni kwanza. Hii ni chai.

Mwanzo mtoto mmoja. Baadaye watoto wa jirani. Sasa dada, zamu za usiku, kijana anayejifungia chooni. Petisheni mbili, na zote zimeletwa kwake. Kila akibanwa anatokea mtu mpya kwenye hadithi. Huyu ni mwandishi anatuchota maoni, au ni mmoja wa wale wanaotaka programu zifutwe. Mimi nilimpa ushauri wa kweli kumbe napigwa kamba.

Dereva wa Usiku

Nami nilianza kushangaa. Mama anayelia kwa furaha Machi, halafu anasahau ana mtoto mwingine nyumbani?

Bint Makame

Hakusahau. Kaona aibu. Kuna tofauti.

Nyundo

Basi aweke picha ya hiyo fomu ambayo hakuirudisha. Kama ipo.

Kiongozi wa Bweni

Nyundo, hata ikiwa ya kutunga, swali la fomu ni la kweli. Nina binti darasa la kwanza, nimekwenda kufungua mkoba wake sasa hivi.

Nyundo

Umekuta nini?

Kiongozi wa Bweni

Karatasi tatu za wiki iliyopita ambazo sijasoma.

Mama Zuu

Nimerudi. Nilifunga simu, nikapika, nikaifungua tena.

Picha siweki, ina jina la mtoto na la shule. Ila nimeitafuta. Ipo kwenye droo ya jikoni. Upande wa mbele haina kitu. Upande wa nyuma mtoto ameichorea. Kuna mchezo wa namba wanaocheza na binti yangu, unajaza miraba ili kila upande ujumlishe sawa. Kaanza na miraba tisa, kaja kumi na sita, na pembeni kaandika kwa Kiswahili "hii ya dada". Kamtengenezea binti yangu maswali. Binti yangu alijifunza mchezo huo kwake. Na jaribio alilofaulu lilikuwa na maswali ya aina hiyo, aliniambia mwenyewe jioni ile: "Mama, yalikuwa kama ya kaka."

Nyundo, unasema kila nikibanwa anatokea mtu mpya. Nibane tena basi, limebaki moja. Ile sifuri na choo ni kweli, lakini siyo sababu yote. Kwenye kikao cha Septemba tuliambiwa viti vya juu ni vichache. Niliogopa afaulu yeye, binti yangu asifaulu. Sijawahi kulitamka hili mahali popote, dada yangu yuko chumba cha pili amelala kabla ya zamu.

Na kiti nimeshakikubali. Nilibonyeza kabla sijafungua uzi huu.

Shangazi Tatu

Nimekusikia, mwanangu.

Nyundo

Sina la kuongeza. Samahani kwa chai.

Dereva wa Usiku

Mwambie dada yako kabla hajatoka. Mimi naendesha usiku, najua. Jambo la mtoto ukilisikia asubuhi baada ya zamu linakuponda mara mbili.

Mama Zuu

Atanichukia. Anaamka baada ya saa moja. Mwalimu, muda wa maombi ulikwisha Novemba. Kuna haja gani ya kuandika?

Mwalimu Mstaafu

Wilaya nyingine hupima nje ya msimu, nyingine watakwambia usubiri vuli. Kuuliza hakukugharimu kitu, na barua ikishafika ina tarehe. Usieleze hadithi yote. Mwandikie mratibu wa programu, mkuu wa shule apate nakala:

"Mimi ni mlezi ninayeshughulikia masuala ya shule ya mtoto huyu kwa niaba ya mama yake. Fomu yake ya Oktoba haikurudishwa kwa kosa langu, siyo lake. Anajifunza Kiingereza. Tunaomba apimwe mapema iwezekanavyo kwa jaribio lisilotegemea lugha, na tunaomba jibu kwa maandishi."

Itie kwa Kiingereza, mama yake asaini. Asaini yeye, siyo wewe.

Bint Makame

Na Alhamisi?

Mama Zuu

Nimewaambia wa juu sitakuwa ushahidi wao. Petisheni zote mbili ziko mezani, sijasaini. Nitakwenda kuuliza swali moja: kwa nini fomu, kwa nini wasipimwe wote. Wa chini na wa juu watanuna pamoja.

Shangazi Tatu

Dada yako kaamka?

Mama Zuu

Kaamka. Nimemsomea barua yote, na nilichokiandika humu nimemwambia. Hajasema neno. Ameomba kalamu, amesaini, amevaa viatu, ametoka.

Nimeituma saa 4 na dakika 12 usiku. Kijana hajalala, alisikia nabonyeza, akaja kuuliza kama ni kazi ya shule. Nimemwambia ndiyo, ni yake. Akauliza kama anaweza kurudishiwa ile karatasi ya droo, kuna mraba hakuumaliza.