Mliobadilisha jina la mchezo jukwaa kubwa likiwa mlangoni, tupeane uzoefu

MwanaWaKuze
Haya wana sanaa wa Mombasa, naleta yangu alafu nanyi mlete zenu. Mchezo wangu ulikuwa waitwa Nyumba ya Bibi, ndugu watatu wagombania nyumba ya marehemu hapa Mji wa Kale, mmoja ataka kuuza, mmoja ataka kuifanya gesti ya wazungu, wa tatu anaishi humo humo na watoto watano hajui aende wapi. Tulicheza mara nne kwa vikumbi vya mitaani na hakuna aliyeuliza jina. Sasa tukapata ukumbi mkubwa, wageni watoka Nairobi, dairekta (naye wa bara) akanikalisha kitako, akaniambia kaka, kwetu bibi ni mke, mtu akiona bango lako ataingia akingoja kuona mzee kajengea mke wa pili. Wallahi nlikasirika, jina nimelitoa kwa bibi yangu mwenyewe aliyenilea!

Nilikaza wiki nzima. Kilichonilegeza si dairekta, ni watoto. Mazoezi tulikuwa twafanya uani, na watoto wa jirani kila jioni wamejipanga ukutani na viazi karai vyao, ukwaju wawachuruzika mpaka kwenye viwiko, na kila yule ndugu mkubwa akisimama kuuliza "Hati iko wapi?" wao wote wanajibu kwa pamoja "Kaimeza bibi!" Hilo jibu halikuwa kwenye skripti lakini tukaliacha. Siku moja mama mmoja kaja kumtafuta mwanawe, akaambiwa yuko kule kwa Hati Iko Wapi. Basi tena. Mchezo ushapewa jina na wenyewe, mimi nani nikatae. Nyinyi je?

Fundi_wa_Makupa
Mimi langu ni pesa tu hakuna falsafa. Niliuita Ukiona Nyani Mzee Ujue Kakwepa Mishale Mingi, nkaenda kwa mchapishaji mabango akaanza kucheka, yuwasema maneno saba kwa bango la mita tatu, linaning'inia juu ya barabara, matatu inapita mbio, nani atamaliza kusoma? Tukabakisha Mishale. Ukumbi ulijaa ila mzee mmoja wa mbele alinivuta kanzu katikati ya mapumziko akauliza vita vyaanza saa ngapi.

MwalimuMstaafu
Hebu nami nitoe dukuduku. Niliandika mchezo wa wanafunzi kuhusu vijana na madawa, jina Unga. Wapwani wote mwajua unga ni unga gani. Lakini mwaka huo bei ya unga wa ugali ilikuwa juu na kila mwanasiasa anaipigia kelele, mkubwa wangu akaona hilo neno akaogopa ataambiwa shule inafanya siasa. Mimi nikapendekeza Maskani manake visa vyote vyatokea pale kijiweni wanapokaa. Akasema sawa. Siku ya onyesho nafungua karatasi ya ratiba nasoma mchezo wetu unaitwa VIJANA NA MAENDELEO. Hakuniuliza, hakunipigia hata simu. Yule kijana aliyecheza mteja, yani mtumiaji wa unga, alikuwa mzuri ajabu, analala chini anajikuna mpaka mtu unahisi ngozi yawasha, na watu wanapiga makofi ya adabu kama wako kwenye hotuba ya chifu. Jina lilishawaambia wakae vipi. Mpaka leo likinijia moyo wanichoma.

BintiFasihi
Pole mwalimu. Mie sijaandika mchezo bado lakini nlisomea haya mambo. Tennessee Williams wa Marekani, ule mchezo wake ulioingia Broadway kule New York 1947 kwa jina A Streetcar Named Desire, kwenye rasimu aliuita The Poker Night, yani usiku wa kucheza karata. Karata zimo hadi leo, ila hiyo ni meza ya wanaume, na anayeubeba mchezo ni yule mwanamke anayeingia na sanduku lake akisema ameelekezwa apande tramu ya Desire. Na hiyo Desire ilikuwa njia ya kweli ya tramu pale New Orleans, kama sisi tunavyosema panda gari ya Bamburi! Kwa hivo jina lilikuwa ndani ya mchezo tangu mwanzo, kama la watoto wa viazi.

Wengine wanaficha makusudi. Oscar Wilde mchezo wake wa 1895, The Importance of Being Earnest, aliupa jina la bandia Lady Lancing wakati anauandaa ili lile la kweli lisivuje. Na Oklahoma!, mchezo wa nyimbo wa Marekani, ilianza majaribio 1943 ikiitwa Away We Go!, ndo kabla ya kufika New York wakachukua jina la wimbo wake mmoja. Hapa kwetu nawaza Nyerere alipotafsiri The Merchant of Venice ya Shakespeare, yule mfanyabiashara mmoja wa kwenye jina kawa Mabepari wa Venisi, 1969, miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha. Hiyo si tafsiri tu, hiyo ni kuchagua upande.

Shangazi_hataki
Mnasifiana tu, hakuna anayewaza mnunuzi wa tiketi? MwanaWaKuze mimi nakujua! Nilimlipia shangazi mia tano, tuktuk kwenda na kurudi, nikamwambia twaenda kuona mchezo mpya. Hata dakika kumi hazijaisha kanigeukia, sauti yake yafika mpaka jukwaani, "We, hii si ile ya Nyumba ya Bibi?"

MwanaWaKuze
😂😂 Nlimsikia! Waigizaji wote walimsikia, yule ndugu mkubwa akasahau mstari. Bango jipya nimeweka chini kwa herufi ndogo "zamani Nyumba ya Bibi". Mwambie shangazi akija tena hatalipa, lakini akae nyuma.