Dagaa za jirani

Mama Neema: Shikamoo Baba, shikamooni wakubwa. Wengine humu kwenye grupu, habari za jioni. Nina jambo limenikaa kooni tangu mchana.

Babu wa Bwiru: Marahaba mwanangu. Sema.

Mama Neema: Saa nne hivi mvua imetokea ziwani ghafla, mnaijua ya hapa Kirumba, Mwanza, haipigi hodi. Jirani yangu mpya alikuwa ameanika dagaa, nusu kwenye kichanja, nusu kwenye turubai, yuko peke yake, na mtaji wenyewe ni mkopo wa kikoba. Nikaacha nguo zangu kwenye kamba nikakimbia. Tumezoa kwa mikono mitupu, magamba yametugandia mpaka viwikoni. Zimelowa kidogo tu, Mungu mwema. Tumejibanza chini ya bati akaniuliza, "Dada, wewe ni mwenyekiti wa jumuiya, watu wanakuheshimu, na mimi hata hunijui vizuri. Kwa nini umejilowesha hivi?" Nikamjibu, "Ah, ujirani tu." Basi. Sasa naona kuna kitu nilimficha.

Kulwa: Mama mdogo, mimi sioni kosa. Matendo yalishasema. Ungeanza habari za Yesu pale ingekuwa kama umemtegea. Dagaa zake zisigeuke chambo.

Shangazi: Hapo kwenye chambo uko sahihi kabisa. Nimeona mtu anapewa mchele, papo hapo anaulizwa "Jumapili utakuja?" Inauma sana. Lakini Mama Neema hakwenda kuhubiri, aliulizwa. Petro anasema tuwe tayari kumjibu kila atuulizaye habari za tumaini letu, tena kwa upole.

Kulwa: Kwani ujirani si kweli?

Mama Neema: Ni kweli ila si yote. Niliposikia radi nilitaka kuanua nguo zangu kwanza. Aliyenitoa pale ni Yule aliyejifunga kitambaa kiunoni akawaosha wanafunzi wake miguu.

Babu wa Bwiru: Naandika polepole, macho haya. Someni Yohana 13 yote, msiishie kwenye beseni. Bwana alivua vazi, akawatawadha wote, na Yuda yumo, maana alitoka baadaye, usiku. Aliosha hata miguu iliyokuwa inakwenda kumsaliti. Kiongozi hachagui miguu. Halafu mstari wa 12: akavaa, akaketi tena, akawauliza kama wameelewa alichowatendea. Akawaeleza. Hakuwaacha wakisie.

Babu wa Bwiru: Na huku kwetu, Mackay, yule mmisionari Mskoti wa CMS, shirika la wamisionari wa Kianglikana, alikuwa injinia. Alipofukuzwa Buganda mwaka 1887 akahamia Usambiro, kusini mwa ziwa hili hili, akafua chuma huku anatafsiri Injili, hadi homa ilipomuua Februari 1890. Nyundo haikumzuia kusema, na kusema hakukumfanya aiweke chini nyundo.

Shangazi: Amina Baba.

Kulwa: Nimekuelewa Babu. Ukweli mimi najificha kwenye hayo "matendo yanasema" kwa sababu naogopa kuitwa mlokole kijiweni.

Babu wa Bwiru: Umefanya vema kulisema. Tutaliombea.

Mama Neema: Nimetoka kwake sasa hivi. Nilimpelekea sado yake iliyobaki kwangu, nikamwambia, "Mchana nilikujibu nusu." Nikamweleza, maneno machache, hata Biblia sikufungua. Alinyamaza, akawa anafuta beseni moja tu, anarudia. Kisha akasema mwanawe yuko kambi ya dagaa kisiwani, leo ni giza, hakuna mwezi, wameingia ziwani na upepo huu. Akaniambia, "Basi mwombe huyo Yesu wako." Tumeomba tumesimama, katikati ya magunia.

Jamani, mwombeeni huyo kijana usiku huu. Na kesho saa moja naomba mikono. Turubai bado zimelowa na kichanja chake kimelala upande mmoja. Kulwa, una misumari?

Kulwa: Ninayo, ya inchi tatu. Nakuja na nyundo pia.