Hela ya mchezaji mmoja: tumlete senta mkongwe kutoka Nairobi au tumkuze kijana wa miaka 17?

Meneja_Manyatta (Kisumu)

Habari zenu wadau wa mpira wa vikapu. Naomba ushauri wa dhati, maana kamati yetu imegawanyika na usajili ndio huu unakaribia.

Mimi ni meneja wa timu ya wanaume hapa Kisumu, tunacheza daraja la kwanza. Msimu uliopita magadi wetu, yaani wachezaji wafupi wa nje wanaoongoza mpira, walijitahidi sana, lakini chini ya ringi tulionewa. Kila tulipokutana na timu yenye senta wa maana, yule mrefu wa chini ya ringi, tulipoteza ribaundi, yaani mipira inayorudi mtupo ukikosa, tukarundika fauli, na robo ya nne tukaimaliza na watu wafupi watupu. Sasa mfadhili wetu, mfanyabiashara wa hapa mjini, ameahidi hela ya mchezaji mmoja. Mmoja tu.

Wa kwanza ni senta wa miaka 34. Amecheza ligi kuu Nairobi kwa muda mrefu, na klabu yake imemwacha. Anataka shilingi elfu 25 kwa mwezi na nyumba ya kuishi. Anajua kusimama mahali panapofaa, anaweka skrini zinazouma (anasimama kumzuia mlinzi ili mwenzake apite), na kwenye ulinzi anaongea mwanzo hadi mwisho. Lakini mbio zimemwisha.

Wa pili ni kijana wa miaka 17, kidato cha tatu, shule ya kutwa. Tulimpima: sentimita 203, na bado anarefuka. Huyu hatungempa mshahara. Hela ingekwenda kwenye karo, chakula, viatu na kocha wa kumfundisha. Mpira ameuanza juzi tu. Mara amesahau yuko upande gani wa skrini, mara anapaa kubloku mtupo wa mtu mzima hadi sisi tulio pembeni tunashikana mikono.

Halafu kuna bwana mmoja anayejiita wakala. Amemwendea mama yake kijana, anayeuza omena Kibuye, akamwambia atampeleka mtoto Kampala, kwa sababu Khaman Maluach naye alianzia Kampala na leo yuko NBA, ligi kuu ya Marekani. Anataka mama atoe pesa ya kushughulikia pasipoti na "usajili". Mama ameniuliza, nami sikutaka kumjibu kabla sijasikia wenye uzoefu.

Mngefanya nini? Na uwezo wa kijana unapimwaje hasa? Kwenye kamati yetu kila mtu anataja urefu, basi.

Ringi_Nyalenda (Kisumu)

Omera, mlete mkongwe. Mfadhili anatoa hela yake aone ushindi mwaka huu, haitoi aone mtoto akikua. Mkishindwa tena atafunga mfuko, na huyo kijana naye hatakuwa na timu.

Uzoefu unaamua mechi. Mnakumbuka Februari 2021 pale Yaoundé, Morans, timu yetu ya taifa, walipoipiga Angola 74-73? Mpira wa mwisho ulikwenda kwa Tylor Ongwae, mtu mzima aliyeshacheza Ulaya, naye akautia. Ndivyo tulivyorudi AfroBasket, mashindano ya mataifa ya Afrika, baada ya miaka 28. Mpe mpira ule kijana wa kidato cha tatu uone mikono inavyotetemeka.

MwalimuWaMichezo (Kakamega)

Nimefundisha vikapu shuleni muda mrefu, na hili la urefu linaniuma, kwa hiyo mniwie radhi nikirefusha maneno.

Jirani zetu Tanzania walimtoa Hasheem Thabeet, sentimita 221. Mwaka 2009, timu za NBA zilipochagua wachezaji wapya, Memphis Grizzlies walimchagua wa pili, mbele ya James Harden aliyechaguliwa wa tatu na Stephen Curry aliyechaguliwa wa saba. Kabla msimu wake wa kwanza haujaisha walimshusha ligi ya chini akajifunze. Simdharau hata kidogo, alifika mahali ambapo kijana wa kwetu hajafika. Lakini wale waliomchagua waliona kimo. Curry, ambaye leo ni nyota mkubwa, alikuwa anaitwa mdogo, mwembamba, atavunjwa.

Meneja, mwache kimo, angalia haya.

Mikono. Mrushie pasi ya chini, usawa wa goti, huku anakimbia. Senta wengi warefu inawagonga vidole na kutoka nje. Anayeidaka na kuinuka nayo bila kuushusha mpira tena hadi kiunoni, huyo ni wa kumshikilia. Kuushusha mpira ndiko kunakowapa magadi wafupi nafasi ya kuupokonya.

Miguu. Mfanye ateleze kwa ulinzi kutoka kona moja ya boksi, lile eneo lililochorwa chini ya ringi, hadi nyingine. Miguu ikigongana, hilo linafundishika. Nyonga zikiwa ngumu kama mlango wa bati, kazi ni kubwa zaidi.

Mitupo huru. Hapo hakuna anayemkaba, kwa hiyo unamwona mwenyewe. Msihesabu zinazoingia tu, angalieni kama mkono unafanya jambo lilelile kila mara. Mwenye mtupo unaofanana, hata ukikosa, baadaye atajifunza kupiga kutoka mbali.

Na la mwisho, ambalo kwangu ni la kwanza: anafanya nini sekunde tatu baada ya kukosea? Akiinamisha kichwa na kumtazama kocha, bado. Akigeuka na kukimbia nyuma kulinda, mlete hata kama hajui chochote.

Meneja_Manyatta

Mwalimu, asante sana. Jana jioni nilimjaribu kama ulivyosema. Pasi za chini anazidaka vizuri, hata mimi nilishangaa. Mpira anaushusha, kila mara. Mitupo huru yote ilikuwa mifupi, inagonga ringi mbele, lakini mkono ulikuwa uleule. Na akikosea anakimbia.

Kilichonitia wasiwasi ni kimoja. Akiruka anatua kwa mguu wa kushoto peke yake, na baada ya zoezi alikuwa anajisugua chini ya goti hilo. Nilipomuuliza akasema ni kawaida, linauma tangu Januari.

Fizio_wa_Afraha (Nakuru)

Meneja, simama hapo kwanza. Si kawaida.

Kijana anayerefuka haraka, mfupa hutangulia na misuli ya paja hubaki nyuma. Msuli unavuta pale unapojishikiza chini ya kifuniko cha goti, na kwa anayeruka kila siku panavimba na kuuma. Wengi hupona wakipunguziwa kuruka, wakanyooshwa misuli na kuimarishwa mapaja na makalio. Wanaoharibika ni wale wanaochezeshwa shuleni asubuhi, klabu jioni, na mtaani Jumapili. Tena vikapu vya shule ni muhula wa kwanza, kwa hiyo kuuma tangu Januari kunaeleweka: alikuwa anabeba mzigo wa shule na wenu pamoja.

Mpelekeni akaonekane na mtu wa viungo kabla hamjaamua lolote. Kisha kaeni na mwalimu wake wa michezo mpange siku za kuruka na siku za mapumziko. Mafunzo ya mtupo, pasi na kusimama hayahitaji kuruka. Na kutua kwa miguu miwili ni zoezi la kufundishwa kama zoezi lingine lolote.

Mkongwe wenu pia apimwe magoti. Miaka 34 kwa senta si mchezo.

Dada_Pointigadi (Eldoret)

Mimi naona mnabishana kama vile ni lazima kuchagua mmoja mmwache mwingine. Tazameni Oklahoma City, timu ya NBA. Walijenga kwa vijana: Jalen Williams na Chet Holmgren wote waliwachukua 2022. Lakini kiangazi cha 2024 walikwenda sokoni wakamsajili Isaiah Hartenstein, senta aliyeshazunguka timu kadhaa, wakamleta pia Alex Caruso, mchezaji mwingine mzoefu. Novemba Holmgren akaumia nyonga, akakaa nje miezi. Kama wangemtegemea yeye peke yake chini ya ringi, msimu ungekufa pale. Juni 2025 wakawa mabingwa, wakiifunga Indiana 4-3.

Sababu ya kumleta mtu mzima ni kijana asilazimishwe kubeba kazi ambayo mwili wake haujawa tayari kuibeba. Na sisemi haya kwa ajili ya NBA, nasema kwa ajili ya hilo goti la kushoto.

Ringi_Nyalenda

Dada, Oklahoma wana mamilioni ya dola, hawa wana hela ya mtu mmoja. Lakini hoja ya goti naikubali. Sikuwa nimeiona.

Dada_Pointigadi

Basi wazungumze bei na mkongwe. Klabu imemwacha, ana miaka 34, na hajui atafanya nini baada ya kucheza. Mwambieni mnamtaka mchezaji na pia mwalimu wa masenta. Nyumba mtampa, mshahara upungue, na mkimsaidia kupata mafunzo ya ukocha atakuwa na kazi mbele. Mtu mwenye akili ataliona hilo. Akikataa kufundisha, basi si wenu, hata akija bure.

Mama_wa_Namba_Tisa (Kisumu)

Mwanangu alipitia haya, kwa hiyo naongea kama mzazi.

Kwanza huyo mama wa Kibuye asitoe hata shilingi. Maluach hakupelekwa Kampala na wakala. Alizaliwa Sudan Kusini na kulelewa Uganda, mpira akauanza akiwa huko huko Kawempe. Ndipo akaonekana, akaenda NBA Academy Africa kule Saly, Senegal, akachezea taifa lake Kombe la Dunia 2023 akiwa na miaka 16, akasoma chuo kikuu cha Duke, Marekani, akachaguliwa wa 10 kuingia NBA mwaka 2025. Hiyo ni safari ndefu yenye shule ndani yake.

Pili, FIBA, shirikisho la dunia la vikapu, hairuhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamishiwa nchi nyingine hivi hivi, kuna masharti maalum. Huyo bwana muulizeni anahama kwa sharti lipi, klabu ipi, shule ipi, atalala wapi, na nani atakuwa mlezi wake. Mtaona simu yake inavyozimika.

Tatu, na hili ni kwako Meneja. Kijana hajafika miaka 18, hawezi kujifunga kwa mkataba. Usimwekee karatasi mezani eti ya kumlinda. Kaa na mama yake, ongea naye kwa heshima, mwambie mtalipa nini na hamtalipa nini, na kwamba mtoto yuko huru kuondoka. Karo ilipwe shuleni moja kwa moja.

Nne, ripoti zake zote tangu kidato cha kwanza ziwekwe kwenye bahasha. Vyuo vya Marekani vinavyotoa ufadhili wa michezo vinaangalia masomo ya sekondari yote, si KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, peke yake. Wapo vijana warefu waliokosa nafasi kwa sababu ya alama. Mmeniuliza uwezo unapimwaje? Mimi ningeanza na daftari la hisabati.

Kikapu_Bukhungu (Kakamega)

Mimi napingana kidogo na wote. Mnamwangalia mrefu tu. Meneja, je, huna gadi kijana? Nikola Jokić, ambaye leo ni nyota wa NBA, alichaguliwa wa 41 mwaka 2014, kwa sababu macho yote yalikuwa kwa wanaoruka. Labda mwenye kipawa kikubwa kwenye timu yenu ni mfupi fulani anayeona pasi kabla ya wengine, na hakuna anayemletea mfadhili.

MwalimuWaMichezo (Kakamega)

Hilo ni kweli kabisa, na naliona shuleni kila mwaka. Lakini swali la Meneja ni la sasa, na tatizo lake liko chini ya ringi.

Meneja_Manyatta

Wadau, mmenisaidia kuliko mnavyodhani. Nimeongea na mwenyekiti mchana huu, na tumekubaliana hivi. Kijana anaonana na fizio wiki hii, na hachezi mechi ya klabu hadi goti litulie. Mimi na mwalimu wake wa michezo tutakutana. Jumamosi naenda Kibuye kumwona mama, nitampa maneno ya Mama_wa_Namba_Tisa yote manne.

Mkongwe nimempigia. Nilimwambia tunaweza kutoa elfu 15 na nyumba, na kwamba saa moja kabla ya kila mazoezi itakuwa ya kijana huyu peke yake. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Anadaka kwa mkono gani?" Anakuja kumwona Alhamisi. Elfu 10 itakayobaki kila mwezi tutaigawa kwenye karo na chakula.

Kikapu_Bukhungu, gadi tunaye. Ana miaka 16 na hajawahi kuanza mechi hata moja. Nitamwangalia upya.

Kimebaki kimoja: kijana anavaa namba 49 na viatu vyake vimepasuka pembeni. Nimezunguka Kibuye na mjini, kubwa niliyoipata ni 46.

Fizio_wa_Afraha (Nakuru)

Asicheze na vilivyopasuka, hasa kwa goti hilo. Kuna mchezaji hapa Nakuru aliyestaafu anavaa 49, nitamuuliza leo. Akinipa natuma kwa matatu ya kesho asubuhi. Nitumie namba yako kwenye ujumbe wa faragha.